Magoti ya Enesi

Kila akitoka shule, Enesi alitandika turubai kwenye sakafu ya saruji uani, akamwaga kahawa kavu na kuanza kuchambua punje mbovu. Hapo kijijini Itaka, msimu wa kahawa hauna mtoto wala mzee. Lakini mwaka huu goti lake la kulia lilivimba, akawa anaenda shule akichechemea.

"Ukilichezea goti hili litakuharibikia," muuguzi wa zahanati alimwonya. "Kwa wiki mbili usipige magoti kabisa."

Enesi alitii. Jioni ileile alimwamkia bibi yake, Marita, akiwa amesimama wima. Bibi aliitikia kwa shida. Tangu lini mjukuu akamsalimia hivyo? Wakati wa sala wote walipiga magoti, Enesi akabaki kwenye kigoda. Bibi alinuna.

Ajabu ni kwamba siku ya tano maumivu yalizidi. Enesi alichanganyikiwa. Amemuudhi bibi, sala anasali amekaa, na goti ndiyo kwanza linauma! Muuguzi alikosea, au hii ndiyo adhabu ya kukosa adabu? Alibaki akichambua kahawa huku machozi yakimlengalenga.

Bibi alimfuata uani. "Mjukuu wangu, nimekukosea nini hata unisalimie umesimama?"

"Muuguzi amenikataza kupiga magoti, bibi."

Bibi alimtazama. Magoti yote mawili yalikuwa juu ya saruji, na kiuno kimepinda kufuata kahawa ya upande wa pili.

"Na hapo unafanya nini?"

"Nachambua kahawa."

"Kwa magoti ya nani?"

Enesi alijitazama, aibu ikamshika. Kwake yeye, kupiga magoti kulikuwa kwa salamu na sala tu. Kazini mtu anachambua, basi.

Kesho yake baba yake, Lwitiko, alijenga kichanja cha mianzi kilichomfika Enesi kiunoni. Sasa alichambua amesimama, na akitaka kahawa ya mbali alihamisha miguu badala ya kupinda goti. Akichoka, alipumzika kwenye kigoda. Wiki ya tatu uvimbe ulikwisha.

"Salamu ni ya kitambo kidogo," bibi alimwambia. "Kilichokuumiza ni saa mbili nzima kwenye saruji. Kazi ipandishe ikufikie, usijikunje wewe kuifuata. Na agizo usipolielewa, uliza. Kuuliza si ujinga."

Enesi alishuka taratibu, akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Inuka upesi, usije ukanisingizia mimi."