Mwalimu Tarumbeta na Somo la Dakika Sita

Wanafunzi walimwita Mwalimu Tarumbeta. Hawakumwita hivyo mbele yake, lakini alijua, na moyoni hakuchukia. Alifundisha hesabu darasa la sita. Watoto walikuwa hamsini na wanane katika chumba kimoja, watatu watatu kwenye dawati. Sauti yake ilivuka ukuta, ikavuka uwanja, ikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu. Huyo naye alikuwa na mazoea yake. Akisikia tarumbeta, alijua kazi inaendelea. Darasa likiwa kimya, aliinuka kwenda kuchungulia kulikoni.

Kipindi kilikuwa cha dakika arobaini. Kwa dakika thelathini na tano mwalimu alieleza. Kisha aliuliza kama wameelewa, na watoto wote wakaitikia kwamba wameelewa. Dakika tano zilizobaki aliandika maswali ubaoni, kengele ikalia. Watoto waliyafanya maswali nyumbani, kila mmoja kivyake. Kesho yake madaftari yalirudi na makosa yale yale. Basi mwalimu alieleza upya, kwa sauti kubwa zaidi.

Mwaka huo sauti ilianza kukwaruza. Alikunywa maji ya moto na asali. Haikusaidia kitu. Mwishowe alikwenda hospitali, na daktari wa koo akamchunguza kwa kamera ndogo. Aliona vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti.

"Mwalimu, ukiendelea kupaza sauti utaipoteza," daktari alisema. "Rudi baada ya miezi mitatu. Vinundu visipopungua, nitaandika kwamba utafutiwe kazi isiyo ya kusema."

Mwalimu mkuu aliisoma barua ya daktari mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua droo, akatoa funguo za stoo ya vitabu, akaziweka mezani. Alisema stoo inahitaji mtu makini. Mwalimu alizitazama zile funguo, na hofu ikamshika. Alikuwa na miaka kumi na tisa darasani. Aliomba apewe hiyo miezi mitatu kwanza, akakubaliwa.

Jumapili wifi yake alikuja kuwatembelea. Alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, na mdomo wake haukuwa na breki. Alisema kaka yake ana bahati, maana siku hizi nyumba imetulia. Seremala, mume wa mwalimu, aliinamia kikombe chake akanywa. Ugomvi wa mawifi hakuutaka.

Utani ulipokwisha, wifi aliuliza kazi inakwendaje. Mwalimu alimweleza yote.

"Wifi, yale unayoyaeleza darasani, yarekodi kwa simu," wifi alisema. "Watoto wayatazame nyumbani. Wakija shuleni, wafanye maswali ukiwa pale pale."

"Yaani nyumbani ndiko wafundishwe, na kazi ya nyumbani waifanyie darasani?"

"Shati ni lile lile. Umeligeuza tu. Mtoto anakukwamia wakati gani, akikusikiliza au akifanya swali?"

Mwalimu alifikiri. Alijibu kwamba wanakwama kwenye swali.

"Na akikwama, wewe uko wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Basi," alisema wifi, akaongeza chai.

Jumamosi mwalimu aliegemeza simu kwenye birika, akasimama katikati ya sebule, akaanza. Kwanza aliwaambia watoto wakae chini. Kisha alieleza kujumlisha sehemu kwa sauti ile ile ya kufikia dawati la mwisho. Jogoo wa jirani aliwika, mwalimu akaanza upya. Alitamka neno vibaya, akaanza upya. Birika liliteleza, simu ikaanguka chali, akaanza upya. Alipomaliza aliuliza, "Mmeelewa?" akangoja jibu. Seremala, aliyekuwa mlangoni, akaitikia kwamba ameelewa.

Video ilikuwa ya dakika arobaini na moja. Hiyo ilikuwa mara ya saba kurekodi. Jioni sauti ilikuwa imekauka kabisa. Ili kuiponya sauti, alikuwa ameimaliza.

Aliituma video kwenye simu za wazazi. Jumatatu aliuliza nani ameitazama. Mikono kumi na mmoja ilinyooka, na hakuna aliyefika mwisho. Kwa hasira alieleza somo lote tena ubaoni, neno kwa neno. Jumatano alituma nyingine. Safari hii mikono ilikuwa minne.

Alimpigia wifi simu akasema mambo hayo ni ya vyuoni, si ya darasa la watoto hamsini na wanane. Wifi aliomba atumiwe ile video ya kwanza. Jioni alifika mwenyewe.

"Kusikiliza walimu ndiyo kazi yangu, wifi," alisema. "Na nimesinzia dakika ya tisa. Sasa niambie, ulikuwa unamfokea nani? Simu iko hatua mbili mbele yako. Anayekutazama ni mtoto mmoja, kakaa peke yake. Sema naye yeye. Chukua jambo moja tu, dakika sita au saba, umalize."

"Na nikikosea?"

"Sema samahani, sahihisha, endelea. Darasani ukikosea, unatoka nje na kuingia upya?"

Mwalimu alicheka, koo likamuuma. Wifi hakuwa amemaliza. Kosa kubwa, alisema, halikuwa kwenye video.

"Umewaambia watazame nyumbani, halafu darasani ukawaeleza yote. Mtu atakwenda kuchota maji ya nini, kama anajua yataletwa mlangoni?"

Maneno hayo yalimchoma mwalimu, kwa sababu yalikuwa kweli.

Wiki hiyo seremala alitengeneza kishikio cha mbao, chenye mkono wa kuishika simu ikitazama chini. Mwalimu aliweka meza karibu na dirisha ili mwanga uangukie karatasi, akafunga mlango. Kwenye video ilionekana mikono yake tu, kalamu na ukanda wa karatasi aliokuwa akiukunja. Aliongea polepole, kama anayemweleza mwanawe pembeni. Katikati alisema, "Simamisha hapa. Fanya swali hili kwenye daftari, kisha uendelee." Dakika sita zilitosha, na koo halikuuma.

Lakini watoto ishirini na mmoja hawakuwa na simu nyumbani. Mwalimu hakutaka kuwaacha. Alikwenda kwa mkutubi, na mkutubi akakubali kufungua maktaba nusu saa kabla ya masomo. Kompyuta zilikuwa tatu tu, hivyo watoto walitazama saba saba. Waliokuwa na simu isiyo na intaneti walileta kadi za kumbukumbu, wakawekewa video.

Darasani aliandika maswali matatu mafupi ubaoni. Aliyeyaweza alikaa na wenzake wanne, wakaanza kazi. Ambaye hakuwa ametazama alikwenda benchi la nyuma, akatazama kwenye simu ya mwalimu, ndipo akajiunga na wenzake. Mwalimu hakueleza upya. Ulimi ulimwasha, akaubana. Wiki ya kwanza benchi la nyuma lilikuwa na watoto kumi na sita, wamebanana. Wiki ya tatu walikuwa wanne.

Sasa mwalimu alipita kati ya madawati. Aliinama, akauliza kwa sauti ya chini mtoto amefikaje hapo, akasikiliza. Kwa miaka yote kumi na tisa hakuwahi kujua kwamba wengi walidhani robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Jambo hilo lilimsikitisha. Alikuwa akiwauliza kama wameelewa, nao kwa heshima wakimjibu ndiyo.

Mwalimu mkuu hakusikia tarumbeta, akaja kuchungulia. Mbele ya darasa hakukuwa na mtu. Aliuliza mwalimu yuko wapi, na mkono ukanyooka kutoka kati ya madawati. Aliondoka na maswali usoni. Matokeo ya jaribio yalipotoka, waliofaulu walikuwa arobaini na mmoja. Muhula uliopita walikuwa kumi na tisa. Mwalimu mkuu alisema vizuri, lakini kauli ya daktari ndiyo itakayoamua.

Miezi mitatu ilitimia. Asubuhi mwalimu alikwenda hospitali, akarudi shuleni saa nne na barua kwenye mkoba. Alipokuwa akigawa madaftari, binti wa fundi cherehani alisimama. Huyu alikaa karibu na ukuta, na tangu mwaka uanze hakuwahi kuuliza chochote.

"Mwalimu, naomba kusema," alisema kwa sauti ndogo. "Video ya juzi, dakika ya nne. Theluthi mbili jumlisha robo moja. Umeandika theluthi mbili ni sita ya kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Mimi napata nane. Nimeitazama mara tatu, nilidhani nimekosea mimi. Nikakunja karatasi nikahesabu vipande. Ni nane, mwalimu. Jibu ni kumi na moja ya kumi na mbili, siyo tisa."

Mwalimu aliona joto la aibu likimpanda usoni. Alipiga hesabu kichwani. Mtoto alikuwa sahihi. Kisha aibu ilimtoka, ikaingia furaha ambayo hakuitarajia. Kwa sauti ya ubaoni, iliyopita mara moja na kupotea, kosa hili lingenakiliwa na watoto hamsini na wanane. Huyu alirudia mara tatu, akamkamata.

Alimpa chaki. Alimwomba aeleze polepole, yeye atamrekodi, na video hiyo ndiyo itakayochukua nafasi ya ile yenye kosa. Akaenda kukaa benchi la nyuma na simu mkononi.

Binti alianza kueleza. Sauti yake haikuwa kubwa, hivyo darasa zima liliinama mbele kumsikia. Wakati huo mwalimu mkuu alisimama mlangoni. Alikuja kuuliza habari za daktari, na funguo za stoo alikuwa nazo mkononi, zikigongana.

"Leo nani anafundisha?" aliuliza.

Mwalimu aliweka kidole mdomoni. Kwa mkono wa pili alimpa simu mtoto aliyekaa karibu naye aishike, akatoa barua kwenye mkoba, akampa mwalimu mkuu. Iliandikwa kwamba vinundu vimepungua, na mgonjwa anaweza kuendelea kufundisha kwa sauti ya kawaida.

"Msikilize," alinong'ona. "Ananisahihisha."

Mwalimu mkuu alimaliza kusoma barua. Kisha alizitia funguo mfukoni, taratibu, zisipige kelele, akatafuta nafasi kwenye benchi.