Sarafu Iliyooshwa

Waliokuwepo ni hawa: Heinrich Wöhlke, fundi saa mstaafu, mkewe Gesine, Ludolf Brammer, mwoka mikate, na Dorette Kuhlmann, mjane, aliyeileta sarafu. Ilikuwa Jumapili, tarehe 2 Februari 1958, mjini Celle, Ujerumani, nyumbani kwa Wöhlke, walikokutana wakusanyaji sarafu kila mwezi baada ya chakula cha mchana.

Sarafu ilikuwa ya alumini, pesa ya Kijerumani ya Mark mia tano, ya mwaka 1923, nyepesi kama ganda la yai. Dorette aliikuta imeshonewa kwenye upindo wa gauni la marehemu mama yake, nyeusi kwa uchafu. Heinrich, ambaye kwa miaka thelathini aliwakataza wenzake kuosha sarafu kwa kuwa huziharibu, aliichukua, akaenda nayo jikoni, akaisugua kwa sabuni.

"Heini, umerogwa?" Brammer akacheka. "Wewe, wa kuosha sarafu?"

"Sijui," Heinrich akajibu, akiitazama mikono yake.

Maji yalinuka supu ya mizizi. Dorette akaweka kikombe chini, akaondoka bila kuichukua sarafu yake; Gesine akaitia kabatini.

Jumatatu Heinrich alikula mkate mzima asishibe. Jumanne miwili. Jumatano minne.

"Mama Wöhlke, unalisha mume au farasi?" Brammer alimtania Gesine dukani.

Gesine hakucheka. Alhamisi alibeba minane, na Heinrich akaimaliza yote huku akilia, na mashavu yake yakazidi kubonyea, na kutoka kabatini, mchana kweupe, ikasikika sarafu ikizunguka juu ya ubao, ikizunguka bila kuanguka, na harufu ile ya supu ikajaa chumbani mpaka Gesine akahisi kuna mtu amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, akisubiri zamu yake.

Akamkimbilia Dorette. "Mama yako alikufaje?"

"Kwa njaa, tukiishi kwa supu ya mizizi," Dorette akanong'ona. "Alipanga foleni ya mkate tangu alfajiri na sarafu ile. Mwaka ule pesa ilipoteza thamani kila saa; alipofika mbele, bei ilikuwa imepanda mara mbili. Akafukuzwa. Ni yeye, Gesine. Hatoki mpaka sarafu yake ipokewe."

"Alifukuzwa na nani?"

"Mzee Brammer. Baba yake Ludolf."

Ijumaa asubuhi Gesine aliiweka sarafu kaunta.

"Ludolf, nakuomba. Nipe mkate kwa hii. Heini ananifia."

"Hiyo hainunui hata kiberiti, mama!" Kisha akanusa, na kicheko kikamkauka. "Yule bibi," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwepo siku ile. Nilimcheka."

Akaitia sarafu kwenye droo ya pesa, akampa mkate.

Heinrich alikula kipande kimoja, akasema ameshiba, akalala. Harufu ikaisha.

Jumatatu Gesine alikwenda kumshukuru Brammer. Alimkuta nyuma ya kaunta, anakula, mkate mkono huu na mkate mkono ule. Hakuitikia salamu. Ndani ya droo iliyofungwa, kitu kilikuwa kinazunguka.

Ludolf Brammer alikufa tarehe 21 Februari. Alikuwa na uzito wa kilo thelathini na nane.