Kioo Juu ya Ufa

Asubuhi ile mama mdogo aliondoka nyumbani akinitania kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Alikuwa mfagizi kwenye jengo la zamani la mahakama, lenye kuta nene na nyufa kila kona. Jirani yetu, Injinia, ndiye aliyechunga nyufa hizo. Juu ya kila ufa alibandika kipande chembamba cha kioo. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinakatika. Mama mdogo alimsaidia kukishikilia mpaka gundi ishike, kwa kidole gumba chake chenye kovu la kisu.

Siku hiyo alikuta kioo cha ukumbini kimekatika. Akamwambia Injinia, kisha akanipigia simu, sauti imejaa hasira.

"Kabandika kingine juu ya ufa uleule! Eti wageni wakubwa wanakuja kulizindua jengo baada ya ukarabati, nisitie watu hofu."

Kabla ya adhuhuri ukuta ulimwangukia.

Kwenye uchunguzi Injinia alionyesha picha ya kioo kizima. Akasema huenda marehemu aligonga ukuta kwa ndoo. Kwa ndoo! Nilisema niliyoyajua, hakuna aliyenisikiliza. Nilimchukia mtu yule.

Baada ya mazishi, mke wa Injinia aliniita kwao. Nyumba ilikuwa mpya, bado inanuka rangi. Chumbani, juu ya kitanda, kulikuwa na ufa. Juu ya ufa, kioo.

"Nani kakibandika?" alininong'oneza.

Nikasogea. Gundi ilikuwa mbichi. Ndani yake kulikuwa na alama ya kidole gumba, na mstari wa kovu katikati.

Nikamgeukia Injinia, aliyesimama mlangoni. "Sema ukweli. Sema kilikatika."

"Kilikuwa kizima."

Tik.

Kioo kikakatika mbele ya macho yetu. Ufa ukashuka taratibu hadi kwenye mto wa Injinia.

Wakahamia nyumba ya kulala wageni. Ufa ukawafuata. Mkewe akamlilia aende akakiri, akagoma. Akabeba kiti na kuketi katikati ya uwanja, mbali na kila ukuta. Akawa analala hapohapo, amekaa.

Mchana mmoja mkewe alikuja mbio, hana viatu. Nikamfuata. Injinia alikuwa kitini, amekufa, amekauka. Nilimfungua vifungo vya shati. Kutoka kooni hadi kitovuni palikuwa na mstari mwembamba, hauna damu. Ufa. Juu yake, kioo.

Kizima.

Sikulia. Nasema wazi, moyo wangu ulitulia.

Kaburi lake lilisakafiwa kwa saruji nzito. Saruji imepasuka, na juu ya ufa kuna kioo. Kila nikipita nakikuta kimekatika, vipande vimesukumwa juu, kutoka chini. Nikirudi, kuna kingine kizima, gundi mbichi.

Mkewe ananisihi nikibandue. Namwambia amwache mama mdogo afanye kazi yake.