Kipimo Kilichoitikiwa

Betri zake mbili zilikuwa mezani, zimelala karibu na kopo la gundi, na bado kile kidude kilisema.

"Kumi na tisa."

Mama Chiriku alikuwa ameshika ncha ya ubao, mume wake, Fundi, yuko upande wa pili wa meza ya msumeno. Mdomo wake ulijibu kabla ya akili. "Kumi na tisa," aliitikia, kama alivyoitikia kila siku tangu aolewe. Ndipo macho yake yakaangukia mgongo wa kidude, pale betri zilipotakiwa kukaa. Palikuwa patupu.

"Unaongea na nani?" Fundi aliuliza.

"Nimeitikia. Kimesema kumi na tisa."

"Kimesemaje na betri nimezitoa nizifute kutu?" Fundi akacheka. "Mama Chiriku, gundi imekupanda kichwani. Toka nje upate hewa, usije ukaniitikia na mambo ya mbinguni."

Katika karakana yao kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Anayesoma kipimo anakitamka kwa sauti, kwa sentimita, aliyeshika ncha ya pili anakirudia, ndipo swichi inawashwa. Kama kipimo kimekosewa, aliyeshika ncha anasahihisha, na neno lake ndilo la mwisho, maana jicho lake ndilo liko juu ya tepu. Kisichoitikiwa hakikatwi. Sheria hiyo aliiweka kaka yake Fundi, aliyeianzisha karakana. Msumeno huohuo ndio uliomuua, siku aliyokuwa akifanya kazi peke yake.

Na kidude kilikuwa chake. Fundi alikikuta nyuma ya kabati la vifaa, kimeviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta, na juu ya kitambaa umezungushwa waya, mzunguko juu ya mzunguko, umekazwa kwa koleo. Kilikuwa kompyuta ya mkononi ya zamani, ya siku zile ambapo simu zilikuwa za kupigia tu. Ukubwa wake kama kipande cha sabuni, kioo cha kijivu, kalamu ya plastiki imechomekwa ubavuni, na kitufe kimoja cha kurekodi sauti. Marehemu alikuwa akienda nacho kwenye nyumba za wateja, anapima madirisha na milango huku anakisemesha, kisha akirudi anakisikiliza na kukata.

Fundi alipokitia betri mpya kikawaka, alifurahi kama mtoto aliyepewa pipi.

"Simu nikiitoa tu mfukoni, mteja anapiga, mama anapiga, matangazo yanaingia, kipimo kimeshapotea," alisema. "Hiki hakipigiwi na mtu."

"Hakipigiwi kwa sababu mwenyewe kafa. Aliyekifunga waya hakuwa mjinga, Baba Chiriku."

"Na wewe mdomo wako! Waya ni wa kuzuia vumbi."

Jioni ya siku ile kidude kiliposema kumi na tisa, binti yao, aliyeitwa Chiriku kwa sababu alianza kuropoka kabla ya kutambaa, aliingia jikoni akiburuta kandambili za baba yake.

"Mama, paka amelala vipande."

Paka wao mdogo alikuwa juu ya meza ya msumeno. Amekatwa mara mbili, shingoni na penye shina la mkia, mkato safi kama wa kazi ya mteja anayelipa vizuri, na damu ilikuwa imejaa kwenye mfereji wa meza ikichuruzika juu ya unga wa mbao. Waya wa umeme ulikuwa umening'inia, haujachomekwa ukutani. Fundi alichukua tepu. Alikipima kile kipande cha katikati, kisha akaiachia tepu ijirudishe yenyewe. Mama Chiriku alikuwa ameshaiona namba: kumi na tisa.

"Kitupe," alinong'ona.

"Vipimo vya madirisha yote ya zahanati vimo humo. Nikimaliza kazi hii nakitupa, naapa."

"Na kikisema tena?"

"Kikisema, kisemee ukutani."

Kuanzia hapo karakana ilibadilika harufu. Badala ya vanishi na mbao kavu, ilinuka nywele zilizoungua, na harufu hiyo ikaingia kwenye mito, kwenye maji ya kunywa, mpaka kwenye utosi wa mtoto. Mama Chiriku alikuwa akifua nyuma ya nyumba, jua limesimama juu ya kichwa, mikono imezama kwenye povu, alipomsikia mtu akisafisha koo ng'ambo ya ukuta. Aliijua ile namna ya kusafisha koo. Shemeji yake alikuwa akifanya hivyo kila mara kabla ya kusoma tepu, miaka yote aliyokuwa hai.

"Saba."

"Saba," aliitikia, akiwa anakamua shati.

Alijisikia akiitikia. Shati likamponyoka, akakimbia na mikono inayotiririka maji huku anaita jina la Mungu, lakini msumeno ulikuwa umeshaanza kulia, ule mlio wake wa juu unaoshuka chini unapokutana na kitu kigumu, na ulishuka kidogo tu, mara moja, kisha Fundi akapiga yowe lililowatoa majirani nje. Alimkuta amepiga magoti, mkono wa kushoto ameubana kwapani, damu imemlowesha mpaka mkanda wa suruali. Kidole chake cha kati kilikuwa sakafuni kimekunjika kidogo, kama kinamwita mtu.

"Sikuwasha," Fundi alilia. "Wallahi sikuwasha! Nilikuwa nafagia!"

Majirani walimpeleka akashonwe. Aliporudi, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, hakubisha tena. Mama Chiriku alikwenda mwenyewe kumleta Mama Makaa, mwanamke mkavu aliyeuza mkaa mtaa wa pili, ambaye watu walimfuata kwa siri wakishindwa na hospitali. Mama Makaa alikitazama kidude mezani bila kukigusa. Hakuuliza kilitoka wapi.

"Nani anaitikia humu?"

Mama Chiriku aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Basi wewe ndiye unayemlisha, mwanangu. Jini huyu hana mikono. Anataja anachokitaka, anasubiri apewe ruhusa. Ukirudia, umempa."

"Kaka alikuwa peke yake siku ile," Fundi alisema. "Nani alimwitikia?"

"Fundi akizoea kuitikia, akiwa peke yake anajiitikia." Mama Makaa alikuwa anapanga makaa kwenye kifuu. "Sikilizeni. Nikianza, atataja. Atataja kwa sauti mnayoipenda. Hata akitaja kwa sauti yangu mimi, fumbeni midomo. Asipoitikiwa mpaka moshi uishe, amekwisha. Mtoto yuko wapi?"

"Kwa jirani."

"Vizuri. Na milango ifungwe."

Walifunga. Makaa yaliposhika, Mama Makaa akatupia majani yake, moshi ukapanda mzito, akaanza kusoma maneno yake kwa sauti ya chini. Kioo cha kidude kikawaka chenyewe. Mbao zilizoegemezwa ukutani zilianza kugongana, kwanza taratibu kama meno ya mtu mwenye homa, kisha kwa nguvu, na makopo ya misumari yakapasuka kwenye rafu na misumari ikaruka kwa ubavu kama imepigwa na upepo, ikamchoma Mama Makaa begani, ikamchoma shavuni, mmoja ukatokeza ndani ya mdomo wake hata alipoendelea kusoma maneno yalitoka na damu, lakini hakunyamaza, na Mama Chiriku aliyejifunika uso kwa mikono akasikia mlango wa nyuma unafunguka wenyewe, na sauti ndogo aliyoijua kuliko pumzi zake.

"Baba umeniita?"

Fundi hakuwa ameita mtu. Lakini Fundi hakuwa tena Fundi. Macho yake yalikuwa meupe yote, shingo imepinda, na bandeji ya mkono wake ilikuwa inachanika uzi baada ya uzi. Alimnyanyua mtoto kwa mkono mmoja kama anavyonyanyuliwa ubao mwembamba, akamlaza juu ya meza ya msumeno, akambana kifuani kwa kiwiko. Mama Chiriku alimrukia. Alimpiga kwa kipande cha mninga mgongoni, kichwani, ubao ukavunjika na Fundi hakupepesa, akamsukuma mkewe kwa teke moja akaenda kugonga ukuta na kuanguka na mbao juu yake. Msumeno ulianza kuzunguka. Waya wake bado ulikuwa sakafuni.

"Hamsini," kidude kilisema.

Mama Chiriku aliijua hamsini. Alikuwa amemshonea Chiriku gauni wiki hiyo hiyo. Kutoka utosini mpaka kitovuni, hamsini.

"Msijibu!" Mama Makaa alibweka, damu inamtoka kidevuni. "Moshi unakaribia kuisha, fumbeni midomo!"

Mama Chiriku aliuma kanga yake. Msumeno ulizunguka ukasubiri. Fundi alisubiri, mikono imeshika mtoto kwenye alama, na hapo ndipo Mama Chiriku alipoona kwamba ile mikono bado ilikuwa mikono ya mume wake, ilivyomweka mtoto sawasawa na ukingo, ilivyosimama bila kusogea mpaka iitikiwe.

"Hamsini," kilisema tena, na safari hii kwa sauti ya baba, ile ya upole, ya kumbembeleza mtoto anywe dawa. "Sema, Chiriku. Sema hamsini."

Chiriku aliacha kulia. Aligeuza uso kuelekea sauti, akavuta pumzi, na midomo yake midogo ikafunguka, kwa sababu hakuwahi maishani kutajiwa neno akaacha kulirudia.

"Hapana!" mama yake alipiga kelele. "Ishirini!"

Mikono ya Fundi ililegea. Kipimo kilikuwa kimesahihishwa, na kipimo kikisahihishwa ubao unaondolewa, unawekwa mwingine. Alimwachia mtoto, Chiriku akabiringika akaanguka juu ya unga wa mbao, na Mama Chiriku, aliyekuwa ameshafika mezani kwa magoti, akalaza mkono wake wa kushoto pale mtoto alipokuwa. Alijua urefu wake. Tepu ilipopotea alipimia mkono huo, kumi na nane kutoka ncha ya kidole hadi kifundo cha mkono, na alikuwa ameongeza mbili kama inavyoongezwa siku zote, za kupigia randa. Fundi aliuvuta mpaka ukingoni, akauweka sawa. Akasukuma.

Mlio wa msumeno ulishuka mara mbili, mfupa wa kwanza na mfupa wa pili. Damu ilirukia dari. Ulipokatika wote, msumeno ukapunguza mwendo, ukasimama, kama unavyosimama kazi ikiisha. Fundi akatazama alichokishika mkononi, akaanza kupiga mayowe kwa sauti yake mwenyewe, na Mama Makaa akaokota nyundo akakiponda kile kidude mpaka ikawa huwezi kutofautisha kioo na kalamu.

Hospitali walimwongezea Mama Chiriku damu chupa baada ya chupa. Mama Makaa alikuja kumtazama na shavu lililoshonwa, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ameondoka?" Mama Chiriku aliuliza.

"Ameshiba," Mama Makaa alisema. Akaitazama bandeji. Alipotoka, aliacha fungu la majani yake chini ya mto.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, kwenye kona, hajala wala kuoga. Chiriku alikuwa amelala kitandani, kichwa kwenye mkono mzima wa mama yake, na tangu siku ile hakuwa ametamka neno.

"Alisema tunyamaze," Fundi alinong'ona. "Moshi ulibaki kidogo sana. Ungenyamaza tu, Mama Chiriku, ungekuwa na mikono yako miwili."

"Chiriku alikuwa keshafungua mdomo."

Fundi alifunika uso.

"Kipimo kilikuwa kinakwenda kuitikiwa, Baba Chiriku," alisema, taratibu, asimwamshe mtoto. "Mimi nilichagua ubao."