Mogire na Salamu kwa Ndovu

Alhamisi soko la Daraja Mbili hujaa hadi barabarani. Mogire, mpiga picha mwenye studio mjini Kisii, alirudi kinyumenyume akitafuta picha nzuri, akakanyaga ndizi za Bitutu, mchuuzi wa pale.

"Kaka, hizo ni za kuuza, si za kukanyaga."

"Nisamehe, dada. Nazinunua zote."

"Hata zile ambazo hujazikanyaga?"

"Hizo ndizo zitanipa sababu ya kurudi."

Alirudi mara nyingi. Miezi minne baadaye akampeleka Maasai Mara, kwa gari la kufunguliwa paa. Bitutu alivaa gauni la kijani na kofia ya Mogire iliyomshukia masikioni. Alasiri ile jua lilikuwa limelainika, majani yakinukia vumbi na mvua ya jana. Mogire alimpa kamera amfundishe; Bitutu akapiga picha ya pundamilia, ikatoka mkia tu.

"Mpenzi, kichwa umemwachia nani?"

"Kimekataa kumwangalia mwalimu mbaya."

Kisha ndovu wakatokea. Mogire aliipokea kamera, akaishusha, akamvua Bitutu kofia, akainama kidogo.

"Huyu simpigi picha kabla ya kumsalimu," alisema. "Ndiye mnyama wa nyumbani kwetu."

Kila ukoo wa Wakisii una mnyama wake wa kuheshimiwa; ndovu ni wa Wabasi, na Bitutu ni Mbasi. Watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani. Hakusema neno hadi Kisii, hata walipopita mtoni penye viboko na Mogire akapiga picha peke yake.

Wiki mbili hakushika simu za Mogire. Siku ya kumi na tano akashika.

"Bitutu wangu, nimekosa nini?"

"Usiniite wako. Sisi ni ndugu. Ulimsalimu ndovu wetu."

Mogire akavuta kiti, akaketi.

"Baba alikufa nikiwa mdogo. Nililelewa Nyamache na mume wa mama mdogo, mzee Ogeto. Yeye ndiye Mbasi. Aliniosha miguu, akanisomesha. Nikiona ndovu namsalimu kwa ajili yake. Lakini baba yangu ni wa Bonchari. Sisi mnyama wetu ni kiboko."

"Mbona hukusema?"

"Wewe hukuuliza. Ulininunia tu."

Bitutu alicheka, halafu akalia, halafu akamwambia aje kwa nyanya yake, kwa sababu bila yeye hakuna neno linalosonga.

Nyanya Bosibori alimpokea kwa chai. Mogire akamkabidhi picha ya viboko ya alasiri ile: maji, masikio na macho tu. Nyanya aliishika karibu, akaishika mbali. Akauliza jina la baba, la babu, la kijiji, na la aliyemlea. Akaridhika.

"Na mbona hawa watu wako wamejificha majini?"

"Walikuwa wanangoja Bitutu aongee, nyanya."

Nyanya akairudisha picha, akamwongezea chai.

"Ameongea. Waambie watoke, wajikaushe, waje hapa kuposa Jumapili ijayo. Na huyo Ogeto awe mbele yao."