Mtungi Uliovuja Mwezi wa Mfungo

Tunaanza kwa jina la Mola aliyemwanzisha mwanadamu kwa pande la damu, akaipa damu njia zake na majira yake. Naye ndiye ajuaye kilichofichwa ndani ya kila kifua.

Nyumba yenyewe ilikuwa Bondeni, mjini Kyela, nyuma ya duka la vitenge. Mwenye duka aliitwa Salehe, mtu mpole asiyejua mengi ya uani. Uani alitawala mama yake, Bibi Aisha, mjane aliyesoma chuo cha Kurani tangu utotoni. Wa pili kwa sauti, na wa kwanza kwa macho, alikuwa Shangazi, dada yake Salehe, asiyepitwa na jambo. Mke wa Salehe alikuwa Mbeya akimuuguza mama yake mzazi. Alibaki Zuena, binti yao wa miaka kumi na minne, mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Na habari hii ni yake.

Kila siku ya Ramadhani Zuena alirudi kutoka shuleni akifuatana na rafiki yake Kisa, mvua ikiwachapa njia nzima.

"Hunywi hata tone?" Kisa, aliyekuwa Mkristo, alimtania. "Na hii inayokuingia mdomoni, utasemaje?"

"Nafumba mdomo."

"Wewe? Tangu lini?"

Afikapo nyumbani, Zuena alitawadha. Alasiri wanawake walipanga safu katika chumba cha nyuma, Bibi akiwa katikati. Pembeni ulikuwapo mtungi wa maji, kazi ya wafinyanzi wa Ikombe, ulioletwa hadi Matema kwa mtumbwi wa ziwani. Kando ya mtungi palikuwa na benchi. Aliyekuwa katika siku zake hakufunga wala hakuswali. Alikaa juu ya benchi lile akichagua mchele. Hapakuwa na wa kuulizwa wala wa kujibu. Benchi lilisema lenyewe.

Ramadhani ya mwaka uliopita Zuena hakulikalia benchi hata siku moja. Tangu avunje ungo, siku zake zilikuja zilivyotaka: mara baada ya wiki tatu, mara baada ya miezi minne. Shangazi alihesabu, akacheka mbele ya wageni.

"Mwali gani huyu, mwezi mzima yuko safuni? Au na wewe unataka kupelekwa Mwaya?"

Kila mmoja alijua maana ya Mwaya. Binti wa jirani alipata mimba, wazazi wake wakamtoa shule, wakampeleka kwa ndugu zao Mwaya akalime mpunga. Wageni walicheka. Zuena hakucheka. Neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki, asiweze kulitema wala kulimeza.

Mwaka huu Ramadhani iliingia miezi minne ikiwa imepita bila siku zake kuonekana. Kila alipovuka uani aliyahisi macho ya Shangazi tumboni mwake. Basi siku ya kumi ya mfungo, bila udhuru wowote, alichukua ungo wa mchele akakaa juu ya benchi.

Shangazi alifurahi mno. "Haya, mwanangu. Nitakupikia uji wewe peke yako."

Siku saba Zuena alikula uji mchana. Ulikuwa na maziwa na sukari, lakini ulimshuka kooni kama mchanga. Siku ya kumi na saba alioga, akarudi safuni.

Uongo haukumwacha alale nao. Siku ya kumi na tisa, darasani, damu ya kweli ikaja. Kwanza akashukuru. Kisha akakumbuka benchi. Alikuwa ameondoka pale juzi tu. Angerudi kwa hoja gani? Akajifunga vitambaa viwili, akasimama safuni, akafunga na kuswali kama asiye na neno. Aliwaza kwamba zitapita siku nne au tano, na siri itakwenda na maji.

Hazikupita. Siku ya sita damu ilikuwa nyingi kuliko siku ya kwanza. Vitambaa alivifua mvuani na kuvianika nyuma ya magunia ya mpunga, havikukauka. Akipanda ngazi tatu za darasani, masikio yalivuma. Usoni alikuwa amepauka kama jani la mgomba lililonyauka.

Kisa alimshika mkono njiani, akaugeuza. "Tazama kiganja chako. Kama cha mtu aliyetoka kukanda unga. Mwambie bibi yako."

"Nimwambie nini? Kwamba nilimdanganya Mungu mbele ya bakuli la uji?"

Kisa hakuwa na mzaha siku ile. "Mungu anajua tayari. Bibi ndiye hajui."

Katika siku zizo hizo Bibi Aisha aliona sakafu ya chumba cha nyuma ina unyevu.

"Mtungi huu unavuja," alisema. "Asubuhi naujaza, alasiri maji yameshuka hadi kiunoni mwake."

"Labda tunakunywa sana, mama," alisema Shangazi.

"Mwezi wa mfungo?"

Bibi aliinama, akaupitishia mtungi mkono taratibu, kuanzia shingoni hadi tumboni. Hakuona ufa. "Ufa unaoonekana hauna hatari," alisema. "Huu wa kimya ndio utakaoumaliza." Zuena, aliyekuwa akitandika mikeka, alihisi kana kwamba mkono ule unapita juu ya mbavu zake. Neno lilimfika ulimini. Akalirudisha.

Siku ya ishirini na nane mvua haikukatika tangu alfajiri, na mitaro ya Bondeni ilifurika hadi milangoni. Alasiri safu ilisimama, ikarukuu, ikasujudu. Ilipoinuka, Zuena hakuinuka.

Walimgeuza. Midomo ilikuwa myeupe, na mkeka ulikuwa umelowa damu. Shangazi alishika kichwa. "Nilijua mimi. Hii ni mimba inatoka."

"Mwite baba yake," alisema Bibi, "na ulimi wako uuache hapa."

Salehe alifunga duka, akamkumbatia mwanawe, Bibi na Shangazi kando yao, ndani ya bajaji iliyopasua maji hadi kituo cha afya. Njia nzima aliita jina la binti yake kwa sauti ndogo, naye hakuitika ila mara moja.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama wa makamo aitwaye Anyelwisye, mwenye miwani ya kamba. Alimlaza Zuena, akamtundikia dripu, akachukua vipimo. Salehe akangoja nje. Majibu yalipotoka muuguzi aliwatazama wanawake wawili. "Mimba hakuna. Lakini damu imeshuka hadi saba, nasi kwa msichana huyu tunataka kumi na mbili. Ingefika tano tungezungumzia kuongezewa damu."

Shangazi alitazama ndala zake.

"Siku zake za mwisho zilikuwa lini?" aliuliza muuguzi, kalamu mkononi.

"Siku ya kumi ya mfungo hadi ya kumi na sita," alijibu Shangazi. "Nina hakika. Nilimpikia uji kwa mkono wangu."

Muuguzi aliandika, akakunja uso. "Basi ametoka damu mara mbili mwezi mmoja. Hilo lina njia yake nyingine ya kutibiwa."

Zuena alisikia yote. Mimba hakuna: jina lake lilikuwa salama. Angeweza kufumba macho, na hakuna ambaye angejua kamwe. Aliitazama kalamu ikiusogeza uongo wake kutoka mstari hadi mstari, ukigeuka dawa itakayoingia mwilini mwake.

"Si kweli," alisema. "Bibi, nisamehe. Zile siku saba sikuwa na kitu. Miezi minne sikuona kitu. Nilikaa benchi ili Shangazi asinihesabu. Hii damu ni moja, leo siku ya kumi."

Muuguzi alivuta mstari juu ya alichoandika, akaanza upya.

"Ndaga, mwanangu," alisema, yaani ahsante. "Ungenyamaza ningetibu maneno ya shangazi yako, wewe ungebaki na ugonjwa." Akavua miwani. "Sikiliza. Siku za mwanamke huongozwa na vichocheo, ambavyo wengine huviita homoni. Ubongo hutuma ujumbe, mayai hupevuka, ukuta wa mfuko wa uzazi hujengwa, kisha hubomoka kwa mpango. Kwa msichana mchanga wajumbe hao bado wanajifunza njia. Ukuta hujengwa miezi mingi bila amri ya kubomoka. Siku ukianguka, huanguka wote. Kuchelewa au kuruka, miaka ya mwanzo, si aibu wala si uhuni. Lakini ikipita miezi mitatu bila kuona, au damu ikizidi siku saba, au ikilowesha pedi kila saa, hapo hatungoji. Unakuja."

Daktari wa kituo alimwandikia dawa za kuizuia damu na vidonge vya madini ya chuma, akaagiza arudi kwa vipimo zaidi. Siku ya pili damu ilipungua. Ya nne ikakoma.

Sikukuu ya Idi ilimkuta Zuena nyumbani, akiwa dhaifu lakini ameketi. Shangazi aliingia na bakuli la uji. Alisimama muda mrefu asijue pa kuliweka.

"Nilidhani nakulinda kwa kukuhesabu," alisema. "Kumbe nilikufundisha kujificha. Nisamehe, mwanangu."

"Ulizidisha sukari katika ule wa kwanza, Shangazi," alisema Zuena, na wote wawili wakacheka kidogo, machozi yakiwamo.

Bibi Aisha alimketisha mjukuu wake karibu. "Siku ulizofunga ukiwa na damu hazikuhesabiwa, dini ilikupa udhuru, nazo utazilipa ukipona. Zile saba za uongo utazilipa vilevile, na toba juu yake. Lakini nikuambie la mtungi. Mtungi mpya hutoka jasho mpaka udongo uzoee maji. Huo hauna ubaya, huvumiliwa. Unaovuja sakafu nzima, huitiwa mfinyanzi. Mtu hawezi kuipima tofauti akiwa gizani, peke yake. Ndiyo maana Mungu alikupa ulimi, na akatupa sisi masikio. Kusema ukweli wa mwili wako ni amana pia."

Kisha akamwagiza Salehe alitoe benchi chumba cha nyuma, lihamie dukani, wateja walikalie. Tangu siku ile, asiyeswali alikaa popote alipopenda.

Mola amjaalie Zuena afya iliyotimia. Na mabinti waliobaki, wa Bondeni na wa mwambao wote wa ziwa, wenye siri iwavujayo kimya, awape ulimi wa kusema kabla ya kuanguka, na awape wa kuwasikiliza bila kuwahesabu. Amina.