Nilimsomea Kifo Nisichokiamini

"Umebatizwa lini?"

Hayo ndiyo maneno niliyopokelewa nayo mlangoni kwangu, jamani. Si pole na kazi, si karibu. Umebatizwa lini!

Nilikuwa natoka zamu mbili mfululizo. Miguu imevimba, viatu nimevikanyaga visigino kama kandambili, mkononi nina mfuko wa nyanya. Nikamtazama mume wangu, nikadhani anatania.

Hakuwa anatania. Begi langu la nguo lilikuwa limeshafungwa, limesimamishwa kibarazani.

Sebuleni mama mkwe amekaa kwenye kochi, mtandio kajifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana sokoni. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

Akaukaza mtandio kiunoni.

"Mume wangu, kuna nini?"

"Usiniite mume wako. Mimi sikuoa Mkristo!"

Akaninyooshea simu usoni.

Kwenye kioo cha simu nikajiona mwenyewe. Sare ya kazi, hijabu nyeupe, nimekaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa, Biblia mapajani. Nasoma kwa sauti, taratibu. Nasoma pale Yesu analia msalabani, anainamisha kichwa, anakata roho...

Hapo hapo mume wangu akaizima.

"Umesikia? Kwa mdomo wako umesema amekufa! Nabii Isa!"

Chini ya video kulikuwa na maandishi: Mungu hashindwi, dada yetu ameiona nuru.

Mfuko wa nyanya ukaniponyoka. Si kwa sababu ya maandishi. Ni kwa sababu niliijua ile pembe iliyopigiwa picha. Pale kwenye upenyo wa pazia, karibu na toroli la dawa, anasimama mtu mmoja tu saa ile.

Shoga yangu wa wodini.

Miaka sita tunakula sahani moja na yule mwanamke. Ijumaa ananishikia nafasi nikaswali, Jumapili namshikia aende kanisani. Leo kanianika kwenye status yake kama nguo!

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, maana mkianza kunihukumu hapa mtakuwa sawa na mume wangu.

Mimi ni nesi, wodi ya wanawake. Kitanda namba saba alikuwepo bibi mmoja, mtu mzima sana, kansa imemla mpaka kabaki mifupa na macho. Na macho yenyewe hayaoni, mtoto wa jicho keshayafunika yote mawili. Kila baada ya saa mbili tunamgeuza ili mgongo usitoke vidonda.

Hakuwa na mtu. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, vitanda vyote vinajaa ndugu na vyombo vya chakula, yeye anageuzia uso ukutani na kujifanya kalala.

Siku moja namrekebishia dripu, akanishika mkono.

"Mwanangu, unajua kusoma?"

"Najua, mama."

"Chini ya mto kuna Biblia. Nisomee kifo cha Yesu."

Nikacheka kidogo. "Mama, mimi Mwislamu."

"Kwani nimekuuliza? Nimekuuliza kama unajua kusoma."

Nyie! Nilisimama pale na sindano mkononi. Nikamwambia ngoja nimwite mwenzangu, yeye ni Mkristo. Nikamwita shoga yangu. Akasema, "Nina wagonjwa kumi na nane, nitasoma saa ngapi?" Ni kweli alikuwa nao. Nikamwomba kesho yake, na keshokutwa yake. Jibu lile lile.

Siku ya nne nikakaa, nikafungua, nikasoma.

Nilivyomaliza, bibi akawa anatokwa machozi huku anatabasamu. Kisha akaniuliza.

"Na nyie kwenu mnasemaje?"

Nikaiweka Biblia mapajani. "Sisi tunaamini hakuuawa, mama. Wala hakusulubiwa. Walidhani wamempata, kumbe walifananishiwa tu. Mwenyezi Mungu alimpaza kwake, na iko siku atarudi."

"Kwa hiyo kwenu hakuumia?"

"Hakuumia. Mungu hakukubali mtume wake adhalilishwe namna ile."

Akageuzia uso ukutani. Nikaona nimemwudhi mgonjwa, sasa nitafanya nini.

"Hilo nalo zuri," akasema. "Sikuwahi kuambiwa hivyo. Mwanangu aliniambia tu kwamba nalilia uongo."

Ndipo nikajua kumbe ana mtoto. Wa kiume, mmoja tu. Alisilimu akiwa kijana, akarudi nyumbani na moto wa dini mpya, akamkuta mama yake anasali analia. Akamwambia, huyo unayemlilia hakufa. Mama naye kwa hasira akamjibu, kama huyo hakufa, basi na mimi sikukuzaa.

Neno moja tu. Miaka kumi na moja hawajaonana.

"Lakini mimi, mwanangu," bibi akaniambia, "namtaka yule aliyeumia. Kwa sababu mimi naumia. Nikimfikiria yule wenu naona yuko juu sana, hanifikii hapa kitandani."

Sikumbishia. Ningembishia nini? Nilimgeuza ubavu wa pili, nikampaka mafuta mgongoni.

Tukawa tunasoma kila siku saa tisa. Nasoma la kwake, halafu ananiambia nimweleze tena la kwetu, kama mtoto anayependa kurudiwa hadithi. Basi. Hiyo ndiyo dhambi yangu yote.

Haya, turudi mlangoni kwangu.

"Yule mama mgonjwa haoni, hana ndugu anayemjia," nikamwambia mume wangu. "Nimemsomea tu. Mtu akikuomba umsomee barua yake, kwani umeiandika wewe?"

Mama mkwe akadakia, "Na akikuomba umvalie msalaba, utavaa?"

"Hakuniomba hivyo, mama."

"Angekuomba!"

Jamani, nilichoka. Siwezi kuwaelezea ule uchovu. Si wa mwili. Ni ule wa kuona umelala na mtu miaka tisa, umemzalia watatu, halafu sekunde ishirini za video zinamtosha kukufungia begi.

Sikulia. Nilikaa chini pale pale mlangoni nikaanza kuchambua nyanya zilizopondeka.

"Kesho baada ya Alasiri tunakwenda kwa Ustadhi," mume wangu akasema. "Atakachosema yeye ndicho. Akisema umeritadi, umetoka kwenye dini, ndoa hakuna."

Usiku ule nililala na watoto, asubuhi nikampigia shoga yangu.

"Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Kwani vibaya? Nilifurahi! Niliegesha simu nikakimbilia wagonjwa, hata sikuirudia kuitazama, nilijua umeguswa..."

"Ungeniuliza!"

"Ningekuuliza ungekataa."

Nikakata simu.

Alasiri ikafika. Huyu Ustadhi alikuwa mgeni kwetu, kaletwa kufundisha madrasa pale miezi michache tu iliyopita. Tukakaa kwenye chumba nyuma ya msikiti, mabenchi ya watoto yamepangwa ukutani, ubaoni herufi za wale wadogo hazijafutwa. Mwenyewe ndevu zimetunzwa, macho makali. Nikasema leo nimepatikana.

Mume wangu akaeleza. Alieleza kwa uchungu, sauti ikamkatika mara mbili, na hapo nikamwonea huruma kidogo. Alikuwa ananipenda kwa ile namna yake ya hofu. Aliona ananipoteza, na njia pekee aliyoijua ya kunizuia ni kunifukuza kwanza.

"Dada," Ustadhi akaniuliza, "uliyasoma hayo kwa kuyaamini?"

"Hapana. Imani yangu ni ile ile. Nabii Isa hakuuawa."

"Sasa ulimi wako ulikwendaje kutamka usichokiamini?"

"Kwa sababu mgonjwa alikuwa anakiamini. Na haoni."

"Ungemtafutia Mkristo mwenzake."

"Nilimtafutia siku tatu, Ustadhi. Kila mtu alikuwa na kazi."

Akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono kwa mume wangu.

"Nipe niione mwenyewe."

Video ikaanza. Sauti yangu ikajaa kile chumba. Nikafika pale Yesu anapokata roho, mume wangu akanyoosha kidole aizime kama kawaida yake.

"Iache," Ustadhi akasema. "Iende mpaka mwisho."

Nyie... kumbe ilikuwa na mwisho! Mume wangu hakuwahi kuufikia hata siku moja. Hasira zilikuwa zinamzimia simu pale pale.

Sauti yangu ikanyamaza. Toroli likapita, kisha ikasikika sauti ya bibi, nyembamba, ya mbali.

"Ahsante, mwanangu. Haya, niambie tena la kwenu. Lile la kwamba hakuumia."

Na mimi nasikika naanza kumweleza. Hakuuawa, mama. Mwenyezi Mungu alimpaza...

Mume wangu akainamisha uso. Nikasema moyoni, Alhamdulillah, nimesafishika. Nikamgeukia Ustadhi nisikie hukumu.

Ustadhi alikuwa hanitazami mimi, sikio kaliinamishia simu.

Simu ilimponyoka ikaanguka juu ya mkeka. Akaiokota, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena ile sauti. Mara ya pili. Mara ya tatu.

"Huyu mama... ana kovu hapa?" Akagusa kidevu chake.

Nikaketi wima.

"Analo. Alisema aliungua na mvuke wa sufuria."

"Nilikuwa namkimbilia," akasema. "Nina miaka minne. Nikaikumba sufuria."

Mume wangu akanitazama, mimi nikamtazama Ustadhi.

"Ni mama yangu, dada. Sikujua anaumwa. Wallahi sikujua!"

Mtu mzima, Ustadhi anayeogopwa na wazazi wa madrasa nzima, akalia mbele yetu kama mtoto. Mume wangu hajui ashike nini aache nini. Mimi nilikuwa nimeshachoka hata kushangaa.

Baada ya muda akajifuta uso na mkono wa kanzu. Nikamuuliza, maana ilibidi niulize.

"Na mimi, nimetoka kwenye dini?"

"Wewe nenda kapumzike, dada," akasema. "Ndoa yako ipo. Wa kuulizwa ni mimi."

Kesho yake saa tisa alikuja wodini. Alisimama mlangoni robo saa nzima, kashika kofia mkononi. Nikamfuata, nikamleta mpaka kitanda namba saba.

"Shikamoo mama."

Bibi aliigeukia sauti. Alinyoosha mkono hewani, ukatafuta, ukapata uso. Ukapapasa.

"Marahaba. Ndevu zote hizi za nini?"

"Nisamehe, mama."

"Nilisema sikukuzaa. Nani amsamehe mwenzake hapo?" Akavuta pumzi. "Nisomee."

Ustadhi akanitazama. Nikampa Biblia.

Akasoma. Sauti yake nzuri, imezoea kusoma mbele ya watu. Bustanini, kukamatwa, kwa liwali, kupanda mlima. Akafika kwenye msalaba, akasimama. Akaifunga Biblia juu ya kidole.

"Mama... hapa siwezi. Nisamehe. Siamini, na siwezi kukudanganya."

Nikafunga macho. Nikasema yamerudi yale yale ya miaka kumi na moja.

"Najua huwezi," bibi akasema, polepole. "Ulivyokuwa mdogo pia ulikuwa hujui kuigiza. Mpe nesi amalizie. Wewe nishike mkono."

Nikapokea, nikasoma mpaka mwisho. Ustadhi kainamisha kichwa, kashika ule mkono kwa mikono yake miwili, midomo inacheza. Alikuwa anamwombea mama yake dua zake. Hakuna aliyemkataza mwenzake.

Bibi alitutoka siku ya nne tangu hapo, adhuhuri, mwanawe yuko pembeni. Akazikwa kwa ibada ya kanisa lake. Ustadhi alisimama nyuma ya watu mpaka sala zikaisha, kisha akaja mbele akachukua koleo na kufukia kaburi la mama yake, hakumpisha mtu.

Mnaniuliza kuhusu ndoa. Mume wangu aliomba msamaha. Nimemsamehe, ila kuna kitu ndani kimelala na sina nguvu za kukiamsha. Mama mkwe kaniletea kuku bila kusema neno, nikamla. Shoga yangu kaniandikia: Samahani kama nilikukwaza. Kama! Bado sijamjibu.

Ninachowaambia ni hiki. Wakristo wataendelea kusema alikufa akafufuka, na sisi tutaendelea kusema hakuuawa. Hilo halitaisha kwenye simu zetu, na wala si lazima mtu aiache imani yake ili amtendee mwenzake wema. Ila wapo watu hawasemezani kwa ajili ya jambo hili, na mmoja wao huenda yuko hospitali leo. Nenda kamwone. Mkishindwa kukubaliana, mshike mkono.

Na video ya mtu, kabla hujaisambaza, iangalie mpaka mwisho.

Zamu yangu inaanza saa nane mchana, sasa naenda kulala. Wenye matusi andikeni hapo chini, nitayasoma nikiamka.